Ofisi ya Gazeti Chini ya Usimamizi Wangu

Jumatatu, 8 Septemba 2025

Nimepewa cheo! Madam Demetria, mwalimu mlezi wa gazeti la shule, amenitangaza kuwa msimamizi wa ofisi ya gazeti. Ofisi yenyewe ni chumba kimoja kando ya jiko la shule. Chini yangu kuna Lulu, anayechapa, na Twaha, mpiga picha. Msimamizi wa zamani amehamia shule ya Ubungo. Kila mtu alidhani cheo ni cha Twaha. Hata mie. Lakini Twaha ndiye aliyenipigia makofi kuliko wote. Kwa nini? Mtu aliyekosa kitu hapigi makofi namna ile.

Halafu habari mbaya. Ijumaa Mwalimu Elibariki, Makamu Mkuu wa Shule, atakagua ofisi zote: moto, umeme, watu kujikwaa, vitu kumwangukia mtu kichwani. Ofisi itakayoshindwa itafungwa hadi mwakani. Gazeti nalo litakufa. Likifa, nitasemea wapi? Mbele za watu sauti yangu hukimbia. Gazetini naongea sana.

Madam akasema kazi ya msimamizi ni kuziona hatari mapema, kuziondoa au kuziripoti, na kuwafundisha walio chini yake. Nimekubali yote isipokuwa hilo la mwisho. Kufundisha ni kuongea. Nitabandika matangazo.

Jumanne, 9 Septemba

Nimewahi ofisini kukagua. Mungu wangu! Waya wa ekstensheni umekatiza sakafu. Ekstensheni hiyohiyo imebeba kompyuta, printa, chaja ya Twaha na birika la umeme la Lulu. Kabati linayumba. Na mlangoni, rundo la viatu! Mama yake Lulu alitupatia zulia, na tangu siku hiyo hakuna anayethubutu kulikanyaga na viatu. Moto ukiwaka tutalundikana pale mlangoni kama magunia ya mkaa.

Ni kweli chumba kimekuwa hivi mwaka mzima. Lakini mwaka mzima sikuwa msimamizi. Nimepewa cheo jana, leo hatari zote zimejitokeza. Hapa kuna mkono wa mtu. Viatu vilivyokaa katikati kabisa ya mlango ni vya Twaha.

Nimebandika matangazo ukutani, kabatini, dirishani. Twaha aliyasoma yote kwa sauti ya mtangazaji wa mpira: anakwenda, anakwenda, waya huoooo! Lulu akacheka hadi akajishikiza kwenye kabati. Kabati likayumba. Nikabandika jingine.

Jumatano, 10 Septemba

Ajali! Lulu amejikwaa kwenye waya, goti limechubuka. Alikuwa anatembea huku anasoma tangazo la ukutani linalosema waya ni hatari. Akaniuliza, Koku shoga yangu, si ungeniambia tu, mdomo si unao? Nikamwonesha tangazo. Akasema hilo tangazo ndilo lililomwangusha.

Twaha alikimbia kuleta maji na kitambaa. Haraka mno, kana kwamba alijua. Kisha akasema tuupitishe waya pembeni mwa ukuta, yeye ana solotepu. Nikatikisa kichwa. Anautakia nini waya? Akauliza tena, mtungi wa kuzimia moto uko wapi, mbona msumari wake mtupu? Hapo nikamnasa! Mtungi niliuficha mwenyewe asubuhi, kabatini, ili mtu asiuchezee. Mtu mwema anautafutia nini mtungi wakati hakuna moto?

Jioni nikapata mpango mzuri kuliko yote. Kuanzia kesho mtu akivua viatu, mie naviokota, naviingiza kabatini, nafunga. Mlango utakuwa mweupe. Ufunguo utakaa shingoni kwangu.

Alhamisi, 11 Septemba

Mpango unafanya kazi. Malalamiko yapo, lakini kiongozi huzoea. Twaha akitaka kwenda msalani ananiomba viatu. Leo amesema bosi, hata Ukonga kule gerezani nadhani mtu anaachiwa ndala zake. Lulu akamwambia anyamaze, asije akafungwa na yeye kabatini.

Mapumziko nimeona kitu. Twaha na Mwalimu Elibariki, wawili tu, karibu na mlingoti wa bendera. Twaha anaonesha ofisi yetu kwa kidole! Nikajibanza nyuma ya simtanki la maji. Upepo ulikuwa mkali, nikapata maneno matatu tu: mlango, fundi, Jumamosi. Kisha wakacheka. Mpishi mmoja akanikuta pale nimechuchumaa, akauliza kwa sauti kubwa, binti, tumbo? Nikaondoka.

Mambo ni wazi. Ijumaa tutafelishwa. Jumamosi fundi atakuja kubadilisha kitasa cha mlango wetu, na ofisi itapata wenyewe wapya. Kesho Twaha haingizi kitu wala hatoi kitu. Mkaguzi akishaingia tu, nafunga mlango kwa ndani.

Ijumaa, 12 Septemba

Naandika haraka, kabla sijaomba uhamisho.

Mwalimu Elibariki alifika. Shikamoo yangu ilitoka kama mluzi. Akaliona zulia, akavua viatu kama kila mtu. Nikavidaka. Kabatini! Nikafunga kabati, nikafunga na mlango. Alikuwa anausifia mlango, akisema hajaona kizingiti kisafi namna ile shule nzima. Nikamtupia Twaha jicho la ushindi. Yeye alikuwa anakitazama kitasa, mdomo wazi.

Mwalimu akaniuliza, moto ukizuka mnafanyaje? Sauti ikahama. Nikaonesha matangazo. Akasema moto haumsubiri mtu asome, mwanangu. Akatoa simu, akaagiza kengele ipigwe. Zoezi la dharura! Shule nzima uwanjani!

Wapishi walitoka mbio. Madarasa yakatoka. Sie tukasimama juu ya zulia. Twaha anasema mlango, bosi, mlango! Lulu anasema viatu kwanza, kokoto za jua hili nani atazikanyaga? Nikavuta funguo shingoni. Zilikuwa mbili kwenye kamba moja, nayo ilikuwa imejisokota kwenye tai. Ikabidi niinamie kitasa kama mbuzi anayekunywa maji. Ufunguo ukagoma. Ulikuwa wa kabati. Basi nikakimbilia kabati.

Kabati lilifunguka, likayumba, likatapika viatu vyote. Na wanafunzi wote tunavaa vyeusi, vya aina moja! Lulu akapiga kelele, jamani, tunaungua huku tunachagua saizi! Mtungi wa kuzimia moto ukaporomoka wa mwisho. Ulitua kwenye kidole gumba cha Makamu Mkuu. Soksi yake ina tundu palepale.

Twaha alinivua ile kamba, akafungua mlango, akatutoa. Tulifika uwanjani wa mwisho. Lulu amevaa viatu vya Twaha. Mie kiatu kimoja. Twaha peku, anarukaruka kwenye kokoto huku amemshika mkono Makamu Mkuu, naye peku, naye anarukaruka. Shule nzima ilishangilia.

Mwalimu Elibariki aliketi kwenye ngazi, akashika kidole chake kwa muda. Kisha akasema ofisi hii angeifunga leo hii. Ila jana kijana huyu, Twaha, alimfuata akamweleza kwamba viatu vinaziba mlango, waya umekaa vibaya, kabati litamwua mtu. Akaomba fundi aje Jumamosi kutengeneza rafu ya viatu huko nje na kulifunga kabati ukutani. Akasema aliyeona hatari akaisema, huyo ndiye msimamizi.

Gazeti limepona. Cheo kimehama. Madam Demetria akaniuliza taratibu, Koku mwanangu, hao watu ulikuwa unawalinda au umewateka? Nililia kidogo. Twaha akasema Madam asinitoe gazetini, hakuna mwingine anayeandika kama mie.

Jumatatu, 15 Septemba

Rafu ipo. Waya umepita ukutani. Twaha ametukalisha chini, kila mmoja akaeleza atatokaje moto ukizuka. Zamu yangu ilipofika wakanisubiri. Nikaongea! Sentensi nzima. Lulu akapiga vigelegele.

Kisha Twaha akanipa kazi. Makala ya usalama ofisini, ukurasa wa kwanza, jina langu kwa herufi kubwa. Akasema hatari za ofisi hii hakuna anayezijua kama mie, na wala hakuwa ananicheka.

Ukurasa wa kwanza! Nimeuota tangu kidato cha kwanza. Nimeandika asubuhi nzima. Madam amesoma, akasema sijawahi kuandika vizuri hivi.

Lakini nimejiuliza. Ukurasa wa kwanza unasomwa na shule nzima. Likitokea kosa, wataangalia jina la nani? Kwa nini atake jina langu tu, tena kwa herufi kubwa?

Mie si mtoto. Kabla karatasi hazijaingia kwenye printa nilifuta jina langu, nikaandika la Twaha. Jioni gazeti limetoka. Nimemkuta Twaha, kila mtu anampongeza, na yeye anajitetea kwamba hakuandika yeye.

Ona anavyohangaika. Nilijua tu kuna kitu anaficha.