Shahada ya Kuitikia kwa Kichwa

Jumatatu, 4 Machi
Nina hofu. Niseme ukweli, maana daftari hili halisomwi na mtu. Mkuu wa masijala ametangaza: karani asiye na shahada ifikapo Juni atahamishiwa stoo ya mafaili, chini kabisa, kusiko na dirisha. Karani wa mwisho kukaa huko siku hizi anaongea peke yake. Mimi nasoma kwa mtandao, nimebakiza somo moja. Miwani, karani mwenzangu ninayegawana naye meza ofisini, anasoma chuo hicho hicho lakini jioni, darasani, kwenye viti vya kweli, na hachoki kunikumbusha. Mama mkwe naye kaniuliza tena leo: chuo gani hicho kisicho na geti?

Geti si tatizo. Tatizo ni mhadhiri. Kila siku saa nane mchana anauliza watu maswali ghafla, kamera zikiwa wazi, nami sijafungua kitabu tangu Januari. Lakini nimepata dawa yake! Nimejirekodi video ya dakika mbili nikisikiliza kwa makini na kuitikia kwa kichwa. Itajirudia kipindi kizima.

Jumanne, 5 Machi
Imekubali! Kwenye simu mimi naitikia, mezani mimi napanga mafaili, sauti nimezima. Raha!

Baadaye ujumbe wa mhadhiri: anashukuru nilivyokubali kwa moyo mmoja. Nimekubali nini? Kuuliza siwezi, nitajiumbua.

Jumatano, 6 Machi
Nimejua. Heri nisingejua. Kundi la darasa letu limejaa hongera, na wengine wameandika pole. Chuo kimechoka na wanaosema shahada ya mtandao ni ya mchezo. Ijumaa, mwanafunzi mmoja wa mtandaoni na mmoja wa darasani watakaa mbele ya jopo la maprofesa, ana kwa ana, maswali yale yale. Alama hizo ndizo za somo zima. Mhadhiri aliuliza nani yuko tayari. Niliitikia mimi peke yangu. Tena mara nyingi.

Wa darasani ni Miwani.

Haraka nikamwandikia mhadhiri kwamba nina homa kali, hata shingo siwezi kuinyanyua. Saa nane ilipofika, kwa woga wa maswali, nikawasha rekodi kama kawaida. Wenzangu wanasema aliniuliza mbele ya wote kama homa imepungua na kama Ijumaa nitafika. Nikaitikia. Eti wamefurahi kuona shingo yangu imepona.

Alhamisi, 7 Machi
Mpango mpya. Nimemwambia Miwani, kwa upole wa kindugu, kwamba mtihani umesogezwa hadi Jumatatu. Asipofika hakuna wa kunilinganisha naye, na jopo litatawanyika. Kanishukuru sana, hata kaniachia kile kiti chenye mto. Nikaona haya. Hazikudumu.

Nyumbani mama mkwe amenipigia pasi shati, mara ya kwanza tangu nimwoe binti yake. Amewatangazia majirani kwamba mkwe wake anakwenda chuo chenye geti. Mke wangu kaniuliza nina nini. Nilitaka kumwambia ukweli. Nikafungua mdomo, nikaomba maji.

Ijumaa, 8 Machi
Nimemkuta Miwani getini! Hawa wa darasani wana ofisi ya kuulizia, naye aliulizia. Hakunigombeza. Nikatamani ardhi ipasuke. Akaingia wa kwanza, akatoka anatabasamu.

Ndani, maprofesa watano. Nilipoulizwa swali la kwanza, shingo ikaanza yenyewe. Nikaitikia. Wakauliza kama nimesoma kitabu. Nikaitikia. Sura ipi? Nikaitikia. Ndipo mhadhiri, aliyekaa pembeni, akauliza taratibu kama ninajua kwamba wiki hii inzi yule yule ametua kwenye sikio langu la kushoto kila baada ya dakika mbili, siku zote, bila kukosa.

Hapo nako niliitikia.

Uamuzi: sifuri. Nirudie somo lote, darasani, safu ya mbele, Miwani akinisimamia. Matokeo ni Desemba. Juni imenipita.

Jumatatu, 11 Machi
Mkuu amepata habari. Hakuona sababu ya kungoja Juni. Naandikia stooni, chini ya taa moja, na kuna kitu kinakwaruza nyuma ya mafaili. Sijageuka kukitazama. Mke wangu ananijibu neno moja moja. Mama mkwe amejifungia ndani, hataki kuonana na majirani. Najua wanaona aibu kwa ajili yangu, na inaniuma.

Kesho darasa linaanza. Mhadhiri ni yule yule, na humo ndani ananyoosha kidole kabisa! Mchana kutwa nimeogopa.

Kisha, nilipopanda juu kupata hewa, nikaona dirishani kwa fundi cherehani ng'ambo ya barabara ile sanamu ya kuvalishia nguo. Umbo langu kabisa! Nimemwomba aniazime niikalishe kesho kwenye kiti changu darasani, kakubali, koti langu limeikaa vizuri kuliko mimi. Haina kichwa. Fundi kanihakikishia kwamba wanaonifahamu hawataona tofauti. Mtu mwema sana.