Jicho la Sebuleni

Jumatatu, 3 Machi
Kamera imefungwa sebuleni! Niko kazini mbele ya cherehani, nafungua simu, naliona kochi langu. Kochi langu, jamani! Halifanyi lolote, lakini nimelitazama mpaka mchana. Suruali ya mteja nimeishona miguu ikashikana. Dada fundi aliyeifunga alisisitiza nibadilishe neno la siri lililokuja nayo, moja mpaka nane. Nikamjibu waliolitunga wamesoma kunishinda. Akaguna, akakusanya nyaya zake.

Jumatano, 5 Machi
Makubwa! Nakunywa chai, kamera ikageuza shingo yenyewe! Sauti ya kiume ikatoka humo, ikaniamkia, ikaniambia chai inanidondokea shati. Na kweli! Nikaitikia marahaba. Ningefanyaje? Mtu hajulikani yuko nchi gani, hajafungua geti, hajavua viatu, na bado ana adabu ya kusalimia. Mwili umenisisimka. Nimempa jina la Bwana Macho.

Mke wangu hakusisimka. Amesema jicho hilo lisipofungiwa wageni kufikia Jumamosi, analing'oa, na kaka yake anahamia sebuleni kulinda nyumba. Shemeji! Yule anayekoroma akiwa macho! Kochi langu ndilo litakuwa kitanda chake. Sikubali.

Alhamisi, 6 Machi
Nimetunga neno la siri refu, herufi na tarakimu ishirini. Hata mimi nalistaajabia. Kwa kuwa kichwa changu hakishiki kitu, nimeliandika kwanza kwenye kadibodi kwa kalamu nene, nikaitundika ukutani mkabala na kamera, ndipo nikakaa kuliingiza kwenye simu badala ya la zamani. Linasomeka hata ukiwa jikoni. Kazi safi!

Ijumaa, 7 Machi
Imegeuka tena! Bwana Macho amenisifia mwandiko. Amelalamika tu kwamba saba yangu inafanana na moja, ikamchelewesha kuingia. Nimemwomba radhi. Amelijuaje neno langu, herufi kwa herufi? Huyu si mtu wa kawaida! Mke wangu alikuwa mlangoni. Akatazama kamera, akatazama kadibodi, akanitazama mimi. Akatoka kutafuta namba ya dada fundi.

Jumamosi, 8 Machi
Mke wangu amemwita dada fundi. Fundi amechana kadibodi, ameweka neno jipya, na sasa hata mwenye neno haingii bila namba sita zinazoletwa kwenye simu yangu. Kila mara namba mpya! Nimebaki mdomo wazi. Alinionya, kidole usoni, nisimpe mtu yeyote. Nikaapa. Mke wangu akacheka, akampigia kaka yake asije. Kochi limepona!

Jumapili, 9 Machi
Asubuhi kanipigia bwana mstaarabu, anasema ni wa ofisi ya kamera. Sauti si ngeni. Akaniamkia, akauliza kama shati lilitakata. Watu hawa wanajua kila kitu! Akaomba neno jipya na zile namba sita zilizoingia simuni muda huohuo, ahakikishe kufuli linashika. Nikamsomea mara mbili, taratibu, asije akakosea. Nilipokata simu tu, kamera ikageuza shingo, ikanishukuru mbele ya mke wangu. Lahaula! Bwana Macho anapita wapi?

Saa kumi shemeji kaingia, godoro kichwani. Ameshajinyoosha kwenye kochi langu. Ameomba neno la siri, naye aonje maajabu ya kuiona sebule kwa simu. Sikutaka ahangaike kulikariri. Nimemwandikia kwenye kadibodi nyingine, kubwa zaidi, nimeitundika palepale. Na safari hii saba nimeitia mstari katikati.