Mgonjwa wa Bistro ya Raimundi

Kilian alimwona Mzee Raimundi akipangusa viti vya baraza kwa leso yake mwenyewe, akajua papo hapo kwamba Mbinga kuna riziki.

"Lidia," alimwambia mwenzake, aliyekuwa ameketi juu ya begi lao pale stendi, "yule mzee anaogopa. Na hakuna mtu mkarimu kama mtu mwenye hofu."

"Anamwogopa nani?"

Kilian alinyoosha kidevu kuelekea wanaume watatu waliokuwa wakishuka kwenye lori, wamevaa miwani ya jua na viatu ambavyo havijawahi kukanyaga shamba.

Ilikuwa miaka ya soko huria. Wanunuzi binafsi wa kahawa walikuwa wameruhusiwa kupanda milimani hadi kwa wakulima wa Kimatengo na mizani zao, na kila mwenye vyumba vitatu vya ziada aligundua kwamba Mungu alimuumba awe na hoteli. Mzee Raimundi, mkulima mwenye ghala lake mwenyewe, aliipaka nyumba yake rangi ya waridi na kuandika BISTRO juu ya mlango, neno alilolikuta kwenye kalenda ya Ulaya. Maana yake hakuijua. Wazee wa parokia walidhani ni Kilatini, wakaliheshimu.

Jikoni, mpishi Winifrida alikuwa na sufuria mbili. Ya kwanza ilikuwa ya wanunuzi wa kahawa: mbasa, samaki wabichi wa ziwani kutoka Liuli, waliokaangwa na kulazwa kwenye rojo la nyanya. Ya pili ilikuwa ya wananchi: mchuzi uliopashwa moto jana na juzi, ukiongezwa maji kila ulipopungua na pilipili kila uliponuka. Ndiyo maana mjini watu hawakuelewana kuhusu hoteli ile. Wengine waliapa hawajawahi kula chakula kama kile. Wengine nao waliapa vilevile, ila kwa uso tofauti.

Mchana ule Kilian aliingia, akaketi katikati ya ukumbi, akaagiza chakula cha wananchi. Lidia aliingia baadaye kidogo, akaketi pembeni kama asiyemjua. Kilian alikula vijiko vinne. Kisha akashika tumbo, akatoa mguno mrefu wa kuhuzunisha, akaanguka chini kwa uangalifu, asije akachafua shati.

"Nipisheni! Mimi ni nesi!" Lidia alipiga kelele. Akapiga magoti, akamfunua kope, akamshika mkono na kuhesabu kwa midomo. Wanunuzi wa kahawa waliacha kutafuna.

"Dada, ni malaria tu hiyo," alisema Mzee Raimundi, akitabasamu kwa wageni wake huku jasho likimtiririka.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba."

"Hii si malaria. Hii ni sumu ya chakula." Alishusha sauti kwa heshima. "Nimwite Bwana Afya aje aone sufuria zako, au tumlaze hapahapa kimyakimya?"

Bwana Afya alikuwa na mamlaka ya kufunga hoteli kwa kufuli, na Mzee Raimundi alimwogopa kuliko jehanamu, maana jehanamu angalau haikuwa na ofisi Mbinga. Mgonjwa akalazwa kimyakimya, katika chumba kilichopakana na jiko. Nesi naye akaombwa abaki amwangalie, ale na kulala bure.

"Ale nini mgonjwa?" aliuliza Winifrida.

"Uji mwepesi," alisema Lidia. "Usitie chumvi wala sukari."

Hapo ndipo Kilian alipopaswa kushtuka. Lakini alikuwa amefumba macho, akijipongeza.

Jioni, harufu ya mbasa ilipenya ukutani ikaja kuketi kitandani pake. Aliwasikia wanunuzi wakicheka ukumbini, na katikati ya vicheko hivyo sauti ya Lidia ikisema, "Niongeze kidogo tu, Winifrida. Na kachumbari." Alipoingia kumpima joto alikuwa na mafuta kwenye kidevu.

"Lidia, niletee hata kichwa cha samaki," alinong'ona Kilian.

"Mgonjwa wa sumu hali kichwa."

"Basi mkia!"

"Kilian, umesahau Songea? Mimi nilijifanya mjane, nikalala mkekani nikilia, sikutia kitu mdomoni. Wewe shemeji wa marehemu ulikula pilau ya msiba mpaka ukafungua mkanda. Sasa lala, unajitia homa."

Kilian alilala. Siku iliyofuata alikunywa uji asubuhi, uji mchana, na usiku akaletewa uji uliobaki. Tumbo lililokuwa zima kabisa lilianza kuuma kweli, kwa sababu ya utupu.

Lakini kazi ilikuwa inasonga. Lidia alimweleza Mzee Raimundi kwamba ndugu wa mgonjwa ni watu wa kukimbilia mahakamani, ila wanaweza kutulizwa. Mzee alisema pesa hana. Lidia alisema amesikia ana ghala. Mzee aliguna, akajikuna shingo, akasema ataona. Kesho yake akasema ameona: magunia kumi ya kahawa, nesi ayafikishe kwa hao ndugu, na mambo yaishe.

"Kumi!" Kilian alikaa kitako kwa furaha. "Tunaondoka lini?"

"Kesho jioni. Wewe utaanza kupona saa kumi, polepole, usitie chumvi nyingi."

"Chumvi!" alisema Kilian kwa uchungu. Neno lenyewe lilimjaza mate.

Kesho yake, wanunuzi walipokuwa ndiyo kwanza wameletewa chakula cha mchana, Kilian alisikia lori la kukodi likinguruma nje. Alichungulia dirishani. Magunia yalikuwa yamekwisha kupangwa nyuma, na Lidia alikuwa mbele kando ya dereva, amejifunga kitambaa kipya, akimpungia Winifrida mkono.

Ikawa mtihani. Akibaki kitandani, kahawa inakwenda. Akiinuka, mgonjwa amepona kwa kasi ambayo hata miujiza ya watakatifu haina. Njaa ilimwamulia. Aliruka, akakatiza ukumbi mzima akiwa na fulana na bukta, akatokea barazani.

"Simamisha! Lidia! Kahawa yangu!"

Lori liliwaachia vumbi jekundu na kuelekea Songea.

Mzee Raimundi, aliyekuwa barazani akiyasindikiza magunia kwa macho, alimtazama mgonjwa wake kuanzia miguuni. Alimwona anahema vizuri, amesimama vizuri, anatukana vizuri sana. Polepole akaelewa. Kilian alirudi nyuma hatua moja akitafuta pa kukimbilia. Lakini mzee hakukasirika. Alianza kucheka, kwanza puani, kisha kwa mabega, kisha kwa mwili mzima mpaka akashika nguzo.

"Kijana, unalilia nini? Pumba? Kahawa nimetandaza juu tu, viganja vichache! Chini ni maganda matupu! Mimi nimewauzia wajanja kuliko ninyi msimu mzima, na hakuna hata mmoja aliyetia mkono mpaka chini!"

Alicheka peke yake. Nyuma yake, ukumbini, viti vilisogezwa.

Masoudi, mkubwa wa wale wanunuzi, mtu wa Tanga mwenye sauti laini, alikuwa amesimama mlangoni na leso ya mezani shingoni. Lori lake lilikuwa uani, limejaa magunia ya ghala lilelile.

"Mzee wangu," alisema, "hebu rudia. Chini kuna nini?"

"Nilikuwa natania, Bwana Masoudi."

"Naam. Basi twende uani tukacheke wote."

Walitoka watatu wakiwa na kisu cha kufungulia magunia, na Mzee Raimundi aliwafuata mbio akiapa kwa watakatifu wote wa parokia, wengine akiwabuni palepale.

Kilian alibaki mlangoni. Hakuwa na mwenzake, begi wala suruali. Uani sauti zilikuwa zinapanda. Mezani, sahani tatu za mbasa zilikuwa zinafuka moshi, hazijaguswa, na wali, na mchicha, na bakuli la kachumbari.

Aliketi. Alivuta sahani ya Masoudi kwanza, kwa heshima ya cheo.

Winifrida alitoka jikoni na jagi la maji, akaona viti vitupu na mgonjwa mwenye mashavu yaliyojaa.

"Wenyewe wako wapi?"

Kilian alimeza, akajifuta mdomo, akasogeza karibu sahani ya pili.

"Wamesema tusiwasubiri."