Mabondia wa Ukuta wa Mukasine

Jumatatu, 5 Februari 1990

Siku njema kabisa. Nimepata ukuta.

Ni ukuta wa Mukasine, mjane mwenye kabare, kilabu cha bia, hapa Gikondo, nyuma ya magereji. Amechoka. Kila jioni wateja wake wanabishana nani bondia mkubwa kuliko wote waliowahi kuishi, na wiki iliyopita walivunja benchi. Anataka mabondia watano wachorwe ukutani, kila mmoja na namba yake, mabishano yaishe. Alisema, "Ukuta iko moja. Ikiandikwa, imeandikwa." Nimempenda mama huyu.

Jioni nikamweleza shemeji Kabera, mume wa dada yangu Claudette. Ninaishi kwao tangu nitoke Bujumbura. Kwa muda tu, miezi minane sasa. Kabera akafikiri, akanawa mikono, akatoa hukumu. Mukasine akiuridhia ukuta, nitahesabiwa kuwa mchoraji na nitabaki Kigali. Asipouridhia, Ijumaa tarehe kumi na sita napanda basi kurudi kwa baba, kuuza naye mafuta ya mawese. Claudette amelitoa begi langu uvunguni, nadhani kulipangusa vumbi.

Sina wasiwasi. Kwa mchoraji kama mimi, mabondia ni zawadi ya Mungu. Wanavaa glovu. Vidole sijawahi kuviweza.

Jumanne, 6 Februari

Namba moja ni Tyson. Hakuna mjadala. Mapambano thelathini na saba, ameshinda yote. Sababu ya pili siitaji mbele za watu: nina picha yake kubwa, kutoka gazeti la Kifaransa lililofungiwa sabuni. Joe Louis ninaye wa ukubwa wa stempu. Foreman sina kabisa, shingo yake nitaazima kwa Kabera.

Nimeshaanza kumchora Tyson katikati ya ukuta, mkubwa kama mlango. Namba moja nimeiweka kabisa, ili kuokoa muda.

Kikwazo ni kimoja, kinaitwa Cassien. Fundi breki. Yeye anasema Ali. Aliishi Zaire zamani, na mwaka 1974, Ali alipomwangusha Foreman kule Kinshasa, yeye alikuwa pale. Basi akifungua mdomo kabare nzima inashusha chupa. Televisheni hapa hatuna. Mabondia tunawajua kwa redio na kwa magazeti ya kufungia vitu. Mtu aliyekuwa pale anasikilizwa kuliko padri.

Mukasine, ili kila mtu aridhike, kaamua wateja wapige kura keshokutwa. Kura ni kifuniko cha chupa, unakitia kwenye kopo la bondia wako. Vifuniko vya chupa. Mama wa watu hajui anacheza na nani.

Alhamisi, 8 Februari

Jana kutwa na leo asubuhi nimetambaa nyuma ya kabare nikiokota vifuniko. Mia moja na kumi. Nikavijaza mifukoni. Nikitembea nalia kama njuga, kwa hiyo jioni niliingia polepole, nikasalimia kwa kichwa tu.

Mukasine akayatazama magoti yangu. Yalikuwa na matope. Akawatangazia wateja kuwa amebadili mawazo, kura itakuwa ya maharage. Akayagawa mwenyewe, punje moja kwa kila mtu, na mimi akanisubiri nifumbue kiganja nionyeshe kuwa sina nyingine.

Ali kumi na moja. Tyson sita. Joe Louis mbili. Punje moja ilidondoka kwenye bia ya mtu na haikuhesabiwa. Ninaamini ilikuwa ya Tyson.

Cassien alinipigapiga begani, akasema nisihuzunike, namba inafutika. Haifutiki. Ni rangi ya mafuta, ile ya malori, tena ilitoka gerejini kwake.

Nimekula vizuri hata hivyo. Nina mpango mwingine.

Jumamosi, 10 Februari

Umuganda, kazi ya pamoja ya lazima. Tangu asubuhi mtaa mzima tulikuwa na majembe, tukizibua mfereji wa barabarani. Nikajipanga ubavuni mwa Cassien. Mpango: kumuumbua mbele za watu. Nikamuuliza kwa sauti pambano la Kinshasa lilianza saa ngapi. Nilitegemea aseme jioni, kama mtu yeyote ambaye hakuwepo. Akajibu saa kumi alfajiri. Ni kweli. Nimesoma.

Nikabaki na swali moja la kubahatisha. Nikamuuliza alikaa upande gani.

Akaegemea jembe lake, akasema alikaa nje. Alikuwa anauza mayai ya kuchemsha getini. Hakuona hata glovu moja. Alisikia kelele, watu wakaanza kuimba, akajua Foreman yuko chini, akauza mayai yote. Alisema miaka kumi na tano hii hakuna aliyewahi kumuuliza kama aliingia ndani.

Watu walicheka mpaka wakakaa kwenye matope. Cassien naye alicheka, tena kuliko wote, na sasa wanampenda zaidi. Hilo sikulipanga. Lakini Mukasine, aliyekuwa anabeba mchanga, aliweka karai chini akasema hawezi kuipamba kabare yake kwa ushahidi wa muuza mayai. Nichore nitakavyo, mradi ukuta uwe umekauka kesho.

Nimeshinda!

Mchana kutwa nimepaka. Ali wa pili, kwa kuheshimu wakubwa. Joe Louis wa tatu, Foreman wa nne, Frazier wa tano, glovu zake zimefanana kidogo na mapapai. Chini ya Tyson nimeandika kwa herufi nyeupe: HAJAPIGWA, HATAPIGWA. Juu yake vanishi mara mbili.

Kabera alikuja kuangalia. Akaitambua shingo yake, akafurahi. Kisha akauliza kama si kweli kwamba Tyson anapigana usiku huu. Nikamwambia ndiyo, huko Tokyo, na mtu fulani Douglas. Hata redio hulitaja jina hilo haraka haraka, kama wanaona aibu.

Jumapili, 11 Februari

Kanisani nilikaa mbele. Nilipotoka, Cassien alikuwa ananisubiri mlangoni. Hakuwa anacheka, na hilo ndilo lililonitisha. Akasema redio ya asubuhi imetangaza kuwa Tyson kaangushwa raundi ya kumi. Nikamwambia siku hizi siamini habari za watu waliokaa nje.

Jioni kabare nzima tulikuwa kwenye redio ya Mukasine. Mandela ametoka gerezani. Watu walikumbatiana. Mukasine aligawa brosheti, mishikaki yake ya mbuzi, bure. Shemeji Kabera, mtu asiyecheza hata harusini, alicheza. Mimi nilifurahi kweli, machozi yalinitoka, nilimkumbatia hata Cassien. Lakini sikio moja nililiacha kwa ajili ya michezo.

Ilikuja mwisho kabisa. Sentensi mbili. Raundi ya kumi.

Wote wakageuka kuutazama ukuta. Kabera aliacha kucheza. Nikasikia harufu ya mawese, wakati hapakuwa na mawese.

Jumatatu, 12 Februari

Habari njema. Wakubwa wa ngumi wamegoma kuyakubali matokeo. Inasemekana raundi ya nane Douglas alikuwa chini na mwamuzi akahesabu polepole mno. Basi ni kosa la hesabu, na mtu hapigwi kwa kosa la hesabu. Tyson bado hajapigwa.

Nimesimama mbele ya ukuta tangu asubuhi nikiwaelewesha watu. Wengi wamenisikiliza kwa adabu. Fundi mmoja wa injini aliniuliza kama lile neno HATAPIGWA ni taarifa au ni sala.

Jumatano, 14 Februari

Wakubwa wamekubali. Bingwa ni Douglas. Kabera aliizima redio mwenyewe, akaniuliza kwa upole kama ninajua basi la Bujumbura linaondoka saa ngapi. Claudette kakunja mashati yangu mawili. Niliumia, nasema kweli. Nimeupenda mji huu.

Saa tisa Mukasine akaniita. Nikavaa shati la tatu, nikaenda kuaga.

Kumbe hakuniitia kuaga. Tangu Jumapili watu wanakuja kuusoma ukuta. Wengine wametoka mbali, Kabuga. Wanasoma HATAPIGWA, wanacheka, wanabishana, koo zinakauka, wanaagiza. Bia ya Primus imemwishia mara mbili. Benchi la pili limevunjika na hajali. Alisema kwamba alikosea mwanzoni, mabishano yakiisha wateja nao wanaisha. Tatizo ni kwamba wanauliza huyo mpya yuko wapi. Nikimweka Douglas kabla ya Ijumaa jioni, ukuta ameuridhia na atamwambia Kabera mwenyewe.

Douglas! Sijui hata kama ana masharubu. Nimezunguka sokoni nikifungua sabuni, chumvi na samaki wakavu. Magazeti yote ni ya mwaka jana na hakuna hata moja linalomjua.

Cassien alileta ngazi na kopo la rangi ya kahawia, bila kuombwa. Nimeanza kumsamehe.

Ijumaa, 16 Februari

Imekamilika. Douglas yuko juu ya Tyson, karibu na mabati, na ni mkubwa kuliko wote. Namba za zamani nimezifunika kwa rangi, kila mmoja kashuka kwa moja. Kwa sura nilitumia kioo cha Claudette.

Mukasine aliitazama picha, akanitazama mimi, akaitazama tena picha. Akasema, "Iko sawa." Kisha akaenda kumwambia Kabera, mbele ya wateja wote, kwamba shemeji yake ni mchoraji. Kabera alinipa mkono, mkono mzima. Begi limerudi uvunguni. Claudette kapika isombe ya majani ya muhogo na kaniwekea sahani kubwa. Nimeshiba, niko Kigali, nina furaha.

Kitu kimoja tu. Cassien aliniuliza, kwa heshima, kama nisingefanya vizuri kumpandisha Ali juu, maana Ali ameshastaafu na hakuna wa kumwangusha tena. Nikamhurumia. Mtu akikaa nje ya geti anakosa mambo mengi. Nikamweleza taratibu: Tyson alikuwa hapigiki, Douglas kampiga, basi wa kumpiga Douglas hajazaliwa. Ni hesabu ya mtoto wa darasa la pili.

Chini ya Douglas nimeandika HATAPIGWA KAMWE. Safari hii vanishi mara tatu.

Cassien alisoma, akaniuliza kama nimebakiza rangi yoyote kwenye kopo. Nikamwambia nimeimaliza yote. Ya kubakiza ingekuwa ya kazi gani?