Bwana Tai Apima Wapanda Farasi

Tangazo lilikuwa limebandikwa kwenye ukuta wa uwanja wa maonyesho, na watu walilipita kama wanavyopita matangazo yote. Aliyesimama ni Bwana Tai peke yake. Lilisema kwamba Jumamosi kungekuwa na maonyesho ya farasi, kwamba mkazi yeyote asiye na farasi angeazimwa mmoja wa kuzunguka naye uwanjani, na kwamba kila mpanda farasi sharti avae mavazi rasmi.

Farasi hawakumshughulisha. Kilichomkaa moyoni ni lile neno la mwisho.

"Rasmi," alinong'ona, kama mtu anayeonja mchuzi na kukuta chumvi imekolea.

Aliitwa Tai kwa sababu hakuwahi kuonekana bila tai shingoni. Hivyo ndivyo alivyoamini yeye. Waliowahi kufanya naye biashara walikuwa na ndege fulani akilini. Alijua mji ule ulijaa watu waliopata utajiri juzi na waliokuwa tayari kuaibika kwa lolote isipokuwa mavazi. Alijua pia kwamba katika kabati la kila mmoja wao kulikuwa na koti moja la maana, na kwamba makoti ya maana yakiwa mengi ndani ya gunia, mji wa pili huyapokea bila maswali.

Kesho yake alikuwa amepanga chumba juu ya duka la mikate, ameazima kioo kirefu, amejitundikia futi ya fundi begani na kuandika mlangoni: MTAALAMU WA VIPIMO VYA WAPANDA FARASI. Kikakosekana kitu kimoja tu. Akaenda kumwamsha mume wa dada yake.

"Niwe nani?" akauliza shemeji.

"Farasi. Kwa siku chache tu."

"Mimi?"

"Suruali ya kupandia farasi haipimwi mtu akiwa amesimama, shemeji. Lazima akae juu ya kitu chenye mgongo. Na wewe Mungu amekujalia mgongo."

Shemeji alikuwa mnene, mpole, na hakuwa na kazi. "Nilipomuoa dada yako," alisema kwa huzuni, "sikujua kuna siku nitatandikwa."

"Utatandikwa blanketi tu."

"Na mimi napata nini?"

"Tutaongea," akasema Bwana Tai. Kwa jibu hilohilo alikuwa amemlipa shemeji yake tangu siku ya harusi.

Wa kwanza kupanda ngazi alikuwa Mama Mabati, muuza mabati mashuhuri, mwanamke mwenye kifua kipana na sauti iliyozoea kupita juu ya nyundo. Alivaa koti la mahameli ya zambarau. Alikitazama kioo, akaitazama futi, kisha akalitazama blanketi lililopiga magoti katikati ya chumba.

"Mbona farasi wako amevaa soksi?"

"Mama, umeona mbali," akasema Bwana Tai bila kupepesa. "Mafundi wa hovyo hupimia juu ya mbao. Lakini mbao haipumui. Ukipimwa juu ya kitu kisichopumua, siku ukipanda kinachopumua suruali inapasuka. Unataka ipasuke mbele ya mke wa wakili?"

"Mke wa wakili anakuja?"

"Nimempima jana. Kiuno chake siwezi kukitaja, ni siri ya kazi. Ila nilimhurumia."

Mama Mabati akakaa juu ya farasi. Chini ya blanketi ilitoka sauti kama ya kochi la zamani.

"Ana pumzi nzuri," akasifu Mama Mabati.

Bwana Tai akampima goti, akampima kisigino, akampima umbali kati ya sikio na bega na kutikisa kichwa kwa heshima. Kisha akafika alikokuwa akienda. "Sasa, mama, koti la kupandia farasi halishonwi kwa kitambaa kipya. Kipya hakikujui. Tunachukua koti lako unalolipenda kuliko yote, tunalifumua, tunalifundisha kukaa, tunalirudisha Jumamosi likiwa rasmi."

"Hili?" Mama Mabati akalishika zambarau lake kifuani.

"Mke wa wakili ameniachia mawili."

Akalivua.

Baada yake akaja mwenye nyumba wa mtaa wa juu, akaacha buti za ngozi. Akaja daktari wa meno na koti jeusi la sherehe, akapimwa mdomo wazi kwa mazoea ya kazi. Wakaja dada wawili wenye saluni. Walipokutana macho na shemeji mlangoni, akipumzika akiwa na blanketi mgongoni, walimsalimia kwa adabu, maana hawakujua farasi husalimiwaje. Magunia yakajaa. Magoti ya shemeji yakavimba.

"Jumamosi tunaondoka," Bwana Tai akamtuliza. "Vumilia."

"Na mgao wangu?"

"Tutaongea."

Siku ya Alhamisi alikuja mwanamke mwembamba mwenye macho ya kucheka. Alijitambulisha kuwa ametoka kamati ya maonyesho, idara ya mavazi. Bwana Tai akahisi tai ikimbana.

"Usiogope," akasema mwanamke. "Nimesikia sifa zako. Ila kwanza nijaribu huyu farasi." Akakaa juu ya shemeji kwa wepesi, kama mtu anayekaa kwenye kiti cha mgeni. "Hebu nipime kwa chaki. Chaki huna? Si ile pale nyuma ya kioo?"

Bwana Tai alipokuwa ameinama nyuma ya kioo, mwanamke aliinama naye, akanong'ona kwa kirefu palipokuwa na sikio chini ya blanketi. Farasi akatulia. Halafu akaitikia kwa kichwa, taratibu, kama farasi aliyefikiri.

"Shida yangu ni hii," mwanamke akaendelea chaki ilipofika. "Mpanda farasi wa ufunguzi anaugua. Natafuta mwanamume ambaye nguo zikimwona zinafurahi. Geuka. Ah! Mgongo gani huo! Ulikuwa umeufichia wapi?"

Ilikuwa mara ya kwanza mtu kumsifu Bwana Tai kabla yeye hajamsifu. Alisikia joto likimpanda masikioni.

Usiku hakulala vizuri kwa furaha, na asubuhi alikuwa na mpango. Wateja aliwaambia nguo zao wangekabidhiwa uwanjani, ufunguzi ukiisha. Yeye angezunguka juu ya farasi, angepigiwa makofi, kisha angetoka moja kwa moja kwa lango la nyuma, ambako shemeji angemsubiri na magunia kwenye mkokoteni. Mji mzima ungekuwa umekaa ukitazama upande wa pili.

"Mpango mzuri?" alimuuliza shemeji.

"Mzuri sana," akasema shemeji, na hakuulizia mgao. Mtu mwenye akili angeshtuka hapo. Bwana Tai alikuwa anajitazama kwenye kioo.

Jumamosi mwanamke alimvalisha mwenyewe, ndani ya hema. Suruali nyeupe ilibidi aiingie akiwa amelala chini, huku watunza farasi wawili wakiivuta kila mmoja upande wake. Buti zilipandishwa kwa sabuni. Kola ilifika chini ya masikio, na koti jeusi likafungwa hadi pumzi ikaomba ruhusa.

"Siwezi kukunja goti," akasema Bwana Tai.

"Mpanda farasi mwenye adabu hakunji goti."

"Siwezi kugeuza shingo."

"Unataka kugeuka utazame nini?"

Wakambeba kama ubao, wakamweka juu ya farasi wa kweli.

Farasi alikuwa mzee na hakuwa na neno na mtu. Alitembea polepole, na watu wakasimama kupiga makofi. Wateja wake wote walikuwa mstari wa mbele, wengine wameshaanza kukunjua mikono tayari kuvaa. Bwana Tai alipita mbele yao mgongo ukiwa wima, na kwa muda mfupi akasahau kilichomleta. Miaka yote watu walikuwa wakimtazama huku wameshika mifuko yao. Leo walimtazama tu. Alitamani uwanja ule usiwe na mwisho.

Farasi akafika usawa wa lango la nyuma.

Mkokoteni ulikuwepo, na magunia yalikuwepo, ila vyote vilikuwa vinaondoka. Shemeji alivuta mbele kwa nguvu ambazo hakuwahi kuzionyesha akiwa farasi. Yule mwanamke alisukuma nyuma akicheka. Hakuwa wa kamati yoyote. Alikuwa muuza mitumba wa mji wa pili, na kamati alikuwa ameidanganya kwamba Bwana Tai ni bingwa kutoka ng'ambo. Na juu ya magunia, ndani ya koti la mahameli ya zambarau, alikaa dada yake Bwana Tai, tumbo moja baba mmoja, akimpungia mkono.

"Simama!" akapaza sauti Bwana Tai.

Farasi alilijua neno hilo. Akasimama.

"Si wewe! Twende! Kimbia!"

Hayo farasi hakuyajua. Akaanza kula nyasi.

"Wezi!" akapiga kelele Bwana Tai, akijaribu kushuka kwa miguu isiyokunjika. "Wezi! Wakamateni!" Watu wakadhani ni sehemu ya sherehe, wakaongeza makofi. Ni Mama Mabati pekee aliyekuwa amesimama juu ya kiti, mkono umekinga jua.

"Lile si koti langu?"

Wakaingia uwanjani wote kwa pamoja.

"Nimeibiwa, mama!" akalia Bwana Tai kutoka juu.

"Umeibiwa nini wewe?"

"Koti lako!"

"Sasa lilianza kuwa lako lini?"

Wakamshusha. Mama Mabati akachukua koti jeusi, akalijaribu, likagoma kifuani, akalibeba hivyohivyo. Mwenye nyumba akavuta buti mpaka akaanguka nazo. Daktari wa meno akapata kofia. Dada wa saluni wakagawana glavu, moja moja, na kola wakaigombea. Suruali haikuwa na mdai, lakini ilipasuka yenyewe kutoka mbele hadi nyuma, kwa mlio uliomfanya farasi aache nyasi.

Ndipo jaji wa mashindano ya mavazi alipofika akihema, mzee mwenye miwani minene, utepe wa buluu mkononi. Alimtafuta mshindi juu ya farasi, akampata chini.

"Namba moja, mavazi rasmi," akatangaza. "Majaji wameshatia sahihi."

Akampapasa Bwana Tai akitafuta koti la kubandika, akakuta fulana na bukta. Akaubandika utepe kwenye fulana, na kwa kuwa fulana ilikuwa nyepesi, pini ikafika hadi kwa mwenyewe.

"Hongera sana," akasema jaji.

"Asante, mzee," akajibu Bwana Tai, maana alikuwa amebaki na adabu tu.