Jinsi Tochi ya Anaeli Ilivyopozwa kwa Zamu ya Mzee Filemon

Sogezeni vigoda, enyi wana wa migomba na wajukuu wa kahawa. Na wewe uliyesimama na kikombe mkononi, kaa chini, usije ukakimwaga habari ikifika patamu. Zimeandikwa habari za majemadari waliovuka mito na za wafalme walioteka miji, lakini ni nani aliyewahi kuandika habari za mwanamume wa Machame aliyesimama baina ya moto na mama mkwe wake, silaha yake ikiwa mpira wa maji? Basi leo zinasemwa, na atakayecheka acheke kwa adabu, kwa maana mwenyewe yu hai na nyundo anayo.

Mwanamume huyo ni Anaeli, fundi wa kuchomelea, Mshonaji wa Mageti, Mponyaji wa Matoroli, bwana wa karakana ya mabati iliyoegemea zizi la ng'ombe nyumbani kwake. Sifa zake zilikuwa zimeshuka mlimani hadi barabara ya lami, na zingefika Moshi mjini kama wa mjini nao wasingekuwa na mafundi wao.

Naye mama mkwe wake, Mama Elisifa, alikuwa kwa miaka ishirini mlinzi wa Sufuria Kuu ya mtaa: sufuria la alumini nene, pana kiasi cha kuogeshea ndama, ambamo mtori wa ndizi na nyama wa kila arusi, kila msiba na kila kipaimara ulipikwa. Jumatano ya wiki hiyo Anaeli alijitolea kulileta kutoka stoo ya kanisa, kwa kuwa Jumapili binti yake Kindness alikuwa anapata kipaimara.

"Baba, hilo hubebwa na watu wawili," Mama Elisifa alimwambia.

"Mama," akajibu shujaa wetu, na kifua kikatangulia mbele ya maneno, "mimi ni fundi."

Akalifunga nyuma ya pikipiki kwa mpira wa tairi. Na pale kwenye kona ya mawe, chini ya kanisa, Sufuria Kuu likashuka kwenye pikipiki bila kuaga, likabiringika mpaka kwenye mgomba, na lilipoinuliwa lilikuwa na ufa wa shibiri nzima, kuanzia mdomoni hadi kiunoni. Anaeli akalifunika kwa turubai, akanyamaza siku tatu.

Ikawa Jumamosi. Saa kumi alasiri akina mama wangefika kulibandika motoni, Mama Elisifa akiwa mbele yao. Kama ufa ungemngoja pale, mtori wa Kindness ungepikwa katika sufuria la kuazima Kibosho, na watu wa Kibosho ni wakarimu: wangelitoa siku hiyo hiyo, kisha wangelitaja miaka thelathini. Na huyu mama, ambaye katika miaka kumi na mitano ya ukwe hajapata kumsifu Anaeli hata kwa kukohoa, angepata la kusema mpaka siku ya kuzikwa kwake, yaani kuzikwa kwa Anaeli.

Sasa, alumini haichomelewi kwa moto wa kubahatisha. Anaeli alikuwa na mashine ya kazi hiyo, aliyoinunua kwenye gereji moja mjini iliyokuwa inafungwa. Mkono wake wa kushikia, ule unaotoa moto, mafundi huuita tochi, nao hupozwa kwa maji yanayoingia kwa mpira mmoja na kutoka kwa mwingine. Yakikosekana, tochi huyeyuka kabla ya kile kinachochomelewa. Mashine ilikuja na tochi, ikaja na mipira, ila sanduku la kuzungusha maji lilikuwa limeshachukuliwa na muuza sharubati.

Asubuhi ile Anaeli akaingia vitani mara ya kwanza. Akachukua ndoo ya maji, akatumbukiza pampu ndogo ya kuoshea kioo cha gari la Noah, akaiunga na betri. Pampu ile, iliyozaliwa ili ifanye kazi kwa sekunde tatu na kupumzika wiki nzima, ilipigana kwa ujasiri kwa muda wa beti mbili za wimbo wa kwaya, kisha ikatoa harufu, ikalala. Glavu ya Anaeli ikafuka moshi. Ufa ulikuwa umezibwa kwa upana wa ukucha.

"Baba Kindness," akasema mkewe Gladness, aliyekuwa mlangoni na ndoo ya majani ya ng'ombe, "hicho kinachonukia ni sufuria au ni wewe?"

"Ni historia, Mama Kindness."

"Basi historia yako inaungua mkono. Bomba nalo limekauka tangu juzi. Maji yaliyoko leo ni ya mfongo tu, na leo ni zamu ya Mzee Filemon."

Hapo shujaa akainua macho. Juu ya karakana, kwenye ukingo wa kihamba, shamba lake la migomba na kahawa, ulipita mfongo, mfereji ule uliochimbwa na mababu kwa majembe na ubishi, ukileta maji ya mlimani yenye baridi ya kung'oa meno. Ulizunguka nyumba, ukapita upande wa chini wa karakana, ukateremka hadi shambani kwa Mzee Filemon. Kimo kilikuwapo, baridi ilikuwapo, maji yalikuwapo. Ila maji ya mfongo ni ya zamu, na anayeyagusa katika zamu ya mwenziwe ni afadhali angeiba ng'ombe, maana mwizi wa ng'ombe hutajwa kwa jina lake tu, huyu hutajwa pamoja na ukoo wake mzima.

Na Mzee Filemon hakuwa mtu wa kwenda kwake mbio mbio. Ndiye aliyetunza daftari la zamu za mfongo. Anaeli, huku saa nane ikiwa imeshapita, akaketi kwa mzee, akanywa maziwa mgando hadi mwisho wa kibuyu, akauliza hali ya magimbi, ya ng'ombe na ya goti la kushoto. Ndipo akanena.

"Mzee wangu, sikuja kuomba maji. Nimekuja kuomba njia. Yatoke mfongoni kwa juu, yapite kwenye tochi yangu, yarudi mfongoni kwa chini. Hata tone halilali kwangu."

Mzee Filemon akamtazama kama mtu anayehesabu meno ya mbuzi mnadani.

"Mbe Anaeli, mimi nimeona mengi. Nimeona watu wakiniomba maji ya kunywesha ndama, kumbe ndama ana eka mbili za nyanya. Lakini mtu wa kuniomba maji ayapitishe motoni kisha anirudishie, sijamwona. Yatarudi ya moto? Magimbi yangu hayajaagiza chai!"

"Yatarudi ya uvuguvugu kidogo tu, mzee."

"Kidogo ya nani? Nakuja mwenyewe. Nitaweka mkono pale yanapotokea. Yakinichoma, mkutano wa mfongo utazisikia habari zako."

Na hivyo yakafungwa mapatano, wala hapajawahi kuwa na mapatano yaliyoshukiwa kiasi kile. Mpira ukatumbukizwa mfongoni juu, ukashuka baina ya migomba kama chatu mwenye safari, ukaingia kwenye tochi; mwingine ukatoka chini ya bati hadi ukingoni, na hapo Mzee Filemon akaketi juu ya jiwe, mkono wa kulia umezama kwenye maji yatokayo, uso umekunjwa kama hakimu.

Anaeli akatoboa tundu dogo mwishoni mwa ufa ili usiendelee kutembea. Akasugua alumini kwa brashi ya waya hadi ikang'aa. Akashusha ngao ya uso, akakanyaga pedeli, na jua dogo likazaliwa ndani ya karakana, hata kuku wakaingia bandani wakidhani siku mbili zimegongana.

"Vipi huko?" akanguruma kutoka ndani ya ngao.

"Baridi!" akajibu mzee kwa masikitiko.

Vidole vitatu vya ufa vikaziba. Vinne.

"Vipi?"

"Baridi tu! Unafanya kazi kweli huko, au unanipotezea mkono?"

Vitano. Na ndipo adui mkuu akajitokeza, naye hakuwa na upanga wala pembe. Alikuwa kiluwiluwi, mwana wa chura, aliyekuwa akistarehe mfongoni bila ugomvi na mtu, akavutwa na mpira, akasafiri hadi kwenye tundu jembamba la tochi, akakwama hapo.

"Mwizi!" Sauti ya Mzee Filemon ikapasua mabati. "Maji yangu yamekatika! Anaeli, umeyapeleka wapi? Nilijua! Una eka mbili za nyanya humo ndani!"

Kufumba na kufumbua Anaeli akaachia pedeli. Tochi ilikuwa imeanza kuchemka mkononi. Pumzi tatu zaidi, nayo ingekuwa uji. Shuku ya mzee iliwahi pale ambapo hakuna kipimo ambacho kingewahi.

Gladness akaupuliza mpira, kiluwiluwi akatoka mzima na kurudi kwao na habari za kusimulia. Kisha Gladness akaleta chujio lake la maziwa, akalifunga kwenye mdomo wa mpira kule juu. "Litarudi safi," akasema, "la sivyo chai ya wageni mtainywa na vyura." Jua dogo likazaliwa upya. Vidole sita, saba, kumi, na shibiri ikakamilika saa tisa na dakika hamsini.

Mzee Filemon akatoa daftari kwenye koti. Mkono wa kulia, kwa ganzi ya baridi, ukagoma kushika kalamu, akaandika kwa wa kushoto, herufi zikilala kama migomba baada ya upepo: *Jumamosi. Zamu ya Filemon. Maji yamepita kwa Anaeli, yamepoza tochi, yamerudi yote.*

Wino haujakauka, Mama Elisifa akaingia uani na jeshi lake la vitenge.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba, baba." Macho yake hayakumfuata Anaeli, yalifuata mstari mpya uliong'aa ubavuni mwa sufuria. Akaupapasa kwa kidole toka mdomoni hadi kiunoni, taratibu, na kila mtu akaelewa kwamba anaelewa. Akaagiza maji. Likajazwa. Akangoja. Ng'ombe akaacha kucheua. Mama Elisifa akainama, akapitisha kiganja chini, akakitazama: kikavu.

"Halivuji," akasema.

Neno moja, enyi wasikilizaji! Wako wakwe waliojenga nyumba za ghorofa wakafa hawajalipata.

"Sasa limwagwe, lipelekwe jikoni," akaendelea. "Nani analibeba?"

Anaeli akafungua kinywa, kifua kikaanza kutangulia kama Jumatano ile, halafu kikarudi.

"Watu wawili, Mama," akasema. "Mzee Filemon, shika kule."

"Shika wewe upande mzito," akanung'unika Mzee Filemon. "Mkono wangu wa kulia bado uko mlimani."

Wakalibeba hatua kwa hatua hadi kwenye mafiga, na Sufuria Kuu likafika salama.