Ghala la Ridhiwani

Jumatatu, 10 Januari 2005. Kibiti.
Bi Maimuna, mkuu wetu wa mradi wa mbegu za mpunga, ametangaza jambo zito. Chumba cha kompyuta kitabaki na karani mmoja tu. Mwingine atahamia Maparoni, huko deltani, akakae na mbu na matope. Makarani tuko wawili: mimi na Purvi, binti wa Dharmesh mwenye duka. Mimi nina miaka mitatu kazini. Yeye ana miezi minane na cheti. Cheti!

Mbinu nimeshaipata. Ijumaa anakuja mkaguzi kutoka Dar. Wakulima wote tumewaandika kwenye hifadhidata: jedwali la Maparoni langu, la Mkongo la Purvi. Kuna diski mpya haijatumika. Nimetengeneza humo sehemu ya kuhifadhia, nikaipa jina GHALA_LA_RIDHIWANI, nikahamishia jedwali langu. Mkaguzi akiuliza majedwali yanakaa wapi, programu yenyewe itanitaja. Sijisifu. Nasifiwa na mashine.

Jumanne, 11 Januari.
Nimeiuliza programu majedwali yanakaa wapi. Maparoni: GHALA_LA_RIDHIWANI. Nusura nilie kwa furaha. Mkongo: patupu. Peupe pe! Nikauliza tena. Patupu tena. Purvi kapoteza wakulima wa Mkongo, wote mia nne na kumi na wawili!

Nikampasha habari Bi Maimuna, kwa sauti ya huzuni. Akasema atamwuliza Purvi akirudi kesho kutoka Ikwiriri. Halafu, sijui ilikuwaje, nikamweleza na dada mmoja aitwaye Sikujua, anayetuuzia chai na vitumbua. Nikamwomba asimwambie mtu. Akaapa.

Jumatano, 12 Januari.
Wakulima wa Mkongo wamefika na baiskeli kabla sijafungua mlango. Zaidi ya thelathini. Mzee Nassibu aliyewaongoza akaniuliza, kwa upole wa kutisha, kama ni kweli wamefutwa na mbegu hawapati. Nikamjibu kwamba mradi unawapa pole sana. Kidogo anipige na pampu ya baiskeli.

Purvi akaingia, akawaamkia wazee, akabonyeza vitufe viwili vitatu. Printa ikaanza kukereza. Majina yote yapo! Mzee Nassibu ni wa tatu kutoka juu. Purvi akanieleza, mbele ya umati mzima, kwamba kuna mahali pa kawaida ambapo programu huweka kila jedwali usipoiambia vingine. Jedwali likikaa hapo, ripoti haijisumbui kupataja. Inaacha wazi. Hutaja tu lile lililopelekwa kando.

Kama hiyo haitoshi, akafungua daftari langu la magunia ya mbegu. Safu ya mahali iko wazi kwa magunia yote ya ghalani. Nimeandika kwa yale ishirini tu tuliyohifadhi madrasa. Kwa mwandiko wangu! Nikasema daftari ni daftari na kompyuta ni kompyuta. Watu wakaangua kicheko. Masikio yangu yaliwaka moto mpaka adhuhuri.

Alhamisi, 13 Januari.
Nimefikiri. Kama mahali pa kawaida ndipo penye heshima, basi pawe pangu! Purvi alipokwenda kula, nikaiagiza programu: kuanzia sasa mahali pa kawaida pa hifadhidata nzima ni GHALA_LA_RIDHIWANI. Ikatii. Diski ikasaga nusu saa.

Nikaomba orodha, nilione jina langu kila mstari. Mkongo: patupu. Maparoni: patupu! Mungu wangu! Wakulima wangu mia tatu na themanini wamekwenda na maji. Jasho likanitoka. Nikabeba fomu za karatasi, nikaanza kuwaandika upya mmoja mmoja mpaka vidole vikafa ganzi. Purvi aliporudi akaniuliza, kaka Ridhiwani, unafanya nini? Nikamwambia nafanya usafi.

Ijumaa, 14 Januari.
Mkaguzi anaitwa Bwana Seleman. Mpole, ana miwani. Akaomba orodha ya Maparoni. Ikatoka ndefu, ikazidi kutoka, ikafika sakafuni. Kila mkulima mara mbili. Akauliza imekuwaje Maparoni izae watu mia tatu na themanini kwa siku moja, tena wote watu wazima wenye mashamba. Bi Maimuna akanitazama. Sijatazamwa hivyo tangu nitoke jandoni.

Purvi akawafuta waliozidi kabla ya swala ya Ijumaa. Nikamshukuru. Sikupenda, lakini nilimshukuru.

Jumamosi, 15 Januari.
Tangazo la vituo vya kazi limebandikwa mlangoni. Majina yetu sote, na mbele ya kila jina nafasi ya kituo. Nikasoma moyo ukidunda. Bi Maimuna: patupu. Purvi: patupu. Ridhiwani: MAPARONI.

Lahaula! Wameachishwa wote, hata bosi! Nimebaki mimi peke yangu! Mbu si kitu, matope si kitu. Mtu nina kituo, tena kwa herufi kubwa.

Sikutaka kumcheka aliyeanguka. Nikamfuata Purvi, nikampa pole, nikamwambia aandike barua ya maombi. Nikishauzoea ukubwa nitaona namna ya kumsaidia. Alicheka mpaka akatoa machozi. Kila mtu hupokea msiba kwa namna yake. Kisha nikaenda kununua chandarua dukani kwa baba yake. Nikampa pole na yeye.